Usimwambie "Nitarudi" Kama Hurudi

Toleo lililopita niliandika, tena kwa sentensi mbili tu, kwamba huwa naingia gerezani na kundi letu la maombi. Siku ile nilikuwa namjibu mtu aliyegombana na wifi yake, gereza likapita njiani tu. Barua zilizofuata zote zikawa za gereza, wifi hakuulizwa tena. Basi leo ni gereza. Kwa wasionijua: mimi ni fundi cherehani, mjane, na huu ni mwaka wa 17 tangu nianze kuingia upande wa wanawake. Chuo cha theolojia sijakikanyaga, kwa hiyo nijibuni kwa upole mkiniona nimekosea.

Mama, shikamoo. Nina miaka 24. Nimejiunga na huduma ya magereza kanisani kwetu, na mwezi ujao naingia kwa mara ya kwanza. Nimeandaa somo la kurasa sita kuhusu toba, lakini usiku silali kwa hofu. Nikikaa na mfungwa tuzungumze nini? Nimuulize alifanya kosa gani ili nijue namna ya kumwombea?
*Binti mwenye hofu*

Marahaba, mwanangu. Kurasa sita ni nyingi. Chukua moja, nayo uikunje.

Nikueleze kwanza utakachokutana nacho, maana hofu nyingine ni ya kutojua tu. Simu utaiacha langoni, au kwa mwenzenu atakayebaki nje. Kitambulisho kitachukuliwa, jina litaandikwa kitabuni, utapekuliwa. Usinune, mchungaji naye anapekuliwa. Sisi huwa tunapita milango miwili, na wa mbele haufunguliwi mpaka wa nyuma yako ufungwe. Kwa hiyo kuna nusu dakika hivi unasimama katikati, mbele hujafika na nyuma huwezi kurudi. Mimi mpaka leo hapo ndipo ninaposali, na sala yenyewe ni fupi: Bwana, nizuie nisiseme sana.

Ukishaingia, wao ndio watakaokusoma wewe. Mtu aliyekaa miaka minane akitazama nyuso za wageni anamjua aliyekuja kumwona yeye na anayekusanya habari za kwenda kusimulia ibadani. Hutamdanganya, wala usijaribu.

Kosa usiulize. Wengine utakaowakuta ni mahabusu, kesi zao hazijasikilizwa. Akikumwagia yote wewe si wakili wake wala si kasisi wa kuungamiwa, na unaweza kujikuta unaitwa kuwa shahidi. Hata aliyekwisha kuhukumiwa, hilo kosa limesomwa mbele ya hakimu, mbele ya ndugu zake, pengine hata gazetini. Siku hiyo moja mwache awe mtu aliyeulizwa kitu kingine. Akitaka kusema atasema mwenyewe, nawe sikiliza bila kushtuka usoni.

Uliza jina. Watu hawa huhesabiwa asubuhi na jioni, na kuitwa jina lako na mtu asiyeshika orodha mkononi si jambo dogo. Kisha uliza, "Nikuombee nini?" Usimchagulie. Mara ya kwanza nilijiandaa kuombea toba na msamaha, mwanamke wa kwanza akaniomba nimwombee binti yake anayefanya mtihani Jumatatu. Wa pili alikuwa na jino. Nikaombea jino, mwanangu, kwa moyo wote, na yule wa jino ndiye aliyekuja kuniuliza habari za toba miezi mitano baadaye.

Sasa nikuambie lililo zito kuliko yote hayo, na hili nililijua kwa aibu yangu mwenyewe. Mwaka wangu wa pili kulikuwa na bibi mmoja, mtu wa kukaa benchi la nyuma, macho yake yamechoka, Biblia anaishika mbali kama mtu anayesoma bango. Nikamwambia, "Mama, Jumamosi ya mwezi ujao nitakuletea miwani." Nikaomba ruhusa ofisini, nikapewa. Kisha zikaja sare za kwaya, zikaja gauni za harusi mbili, nikakosa mwezi mmoja, nikakosa wa pili, nikakosa wa tatu. Mwezi wa nne nikaingia na miwani. Hakusema kitu. Aliivaa, akanitazama kuanzia kichwani, macho yakashuka mpaka kwenye sketi yangu, akasema, "Pindo lako limefumuka." Halafu akaongeza, kwa sauti ya chini, "Nilikwisha kuwaambia wenzangu kwamba hutarudi. Sasa umenifanya muongo." Wenzake wakacheka, na mimi nikacheka, lakini njia nzima kurudi nyumbani sikusema neno.

Ndiyo maana nakuambia, neno "nitarudi" huko ndani lina uzito usiokuwa nao huku nje. Huku nje mtu akikosa kuja, unampigia simu, au unamwendea. Kule anakaa akisubiri lango. Kama hujui utarudi lini, sema hujui. Ukisema Jumamosi, iwe Jumamosi.

Hata walioanza huduma hii zamani yaliwapata. Elizabeth Fry, mwanamke wa kanisa la Marafiki, aliingia gereza la Newgate, London, mwaka 1813, akiwa na nguo za joto kwa ajili ya watoto wachanga waliofungiwa humo pamoja na mama zao. Alisikitika sana kwa aliyoyaona, kisha akakaa karibu miaka minne bila kurudi; alikuwa na mambo ya nyumba, kuzaa na kuzika mtoto. Alirudi mwishoni mwa 1816, na safari hiyo hakuacha tena. Mwaka 1817 wakafungua shule ndogo ya watoto humo humo gerezani, na akina mama wa kujitolea wakawa wanaingia kila siku, wakifundisha kushona. Kinachonipendeza mimi ni kwamba kanuni za kazi zilisomwa moja moja mbele ya wafungwa, nao wakapiga kura. Fikiria, mwanangu: watu ambao hakuna aliyewauliza lolote kwa miaka wanaombwa wainue mikono.

Nitoke nje ya mada kidogo, mnisamehe, ni ufundi unanivuta. Kundi la akina Fry liliwapa wanawake waliopelekwa uhamishoni Australia sindano, nyuzi na vipande vya kitambaa. Waliosafiri kwa meli ya Rajah mwaka 1841, kutoka Uingereza mpaka Hobart, walishona njiani shuka moja la viraka vinavyozidi 2,800, wakatarizi juu yake maneno ya shukrani. Shuka hilo lipo mpaka leo katika Jumba la Sanaa la Taifa la Australia. Mimi najua kiraka kimoja kinataka dakika ngapi hata juu ya meza isiyotikisika. Huwa nafikiria wale akina mama na mawimbi.

Narudi kwako. Utawaona wasiokuja ibadani, wamekaa ng'ambo ya ua wakisuka nywele. Waache. Kanuni za Umoja wa Mataifa kuhusu wafungwa, zile zilizopitishwa upya mwaka 2015 na kupewa jina la Nelson Mandela, zinasema katika kanuni ya 65 kwamba mfungwa asinyimwe kumwona kiongozi wa dini yake, na hapo hapo kwamba asiyetaka kutembelewa naye aheshimiwe. Wasalimie tu ukipita. Bibi wa miwani alianzia huko huko kwenye ua.

Bwana asifiwe, dada. Kikundi chetu cha akina mama kina miaka mitatu tukiwaombea wafungwa kila Jumatano. Kwenda hatuwezi, wengi wetu ni wazee na wagonjwa. Lakini sala yetu ni ile ile: "Bwana, wakumbuke wafungwa wote duniani." Dakika moja imekwisha. Nahisi tunapiga hewa. Maombi ya mbali yana kazi kweli?
*Katibu wa kikundi*

Amina, dada yangu. Yana kazi. Tatizo lenu ni kwamba mnashona bila kupima. Ukikata nguo ya kumtosha kila mtu duniani, haitamkaa hata mmoja.

Kuna mtu katika Biblia nampenda kwa sababu ya kazi yangu: Ebedmeleki, yule Mkushi wa nyumba ya mfalme, sura ya 38 ya Yeremia. Nabii ametupwa shimoni, amezama matopeni. Ebedmeleki anaomba ruhusa kwa mfalme, anapewa watu, kamba zipo. Wengi wetu tungeteremsha kamba tukavuta. Yeye kwanza anapita chini ya hazina, anachukua matambara makuukuu, anayashusha na kumwambia Yeremia ayatie kwapani, chini ya kamba, zisimkate. Alikwisha kufikiria kwapa za mtu aliyekuwa bado shimoni! Sala yenu ya Jumatano ni kamba, na kamba ni njema. Tafuteni matambara.

Yako wapi? Ombeni habari kwa wanaoingia. Wawapatie jina moja la kwanza, bila kosa, bila ukoo, na haja moja. Kuna saa ambazo mimi huziombea na sikuwahi kuzijua kabla sijaingia. Usiku wa kwanza wa mtu, ambao wengi wananiambia hawakulala. Jioni mlango wa seli unapofungwa jua likiwa bado lipo. Siku ya kwenda mahakamani, kisha kesi inaahirishwa naye anarudi na nguo zile zile alizozipiga pasi chini ya godoro. Siku anapopata habari ya msiba na hawezi kwenda kuzika. Na wiki ya kutoka, dada, hiyo iombeeni mara mbili. Watu hudhani ni furaha tupu, kumbe nimeona mwanamke akitetemeka kwa sababu hajui atalala wapi usiku wa kwanza wa uhuru wake. Msiwasahau askari wa zamu ya usiku, nao wana watoto nyumbani.

Waombeeni pia walioacha kuamini. Yohana Mbatizaji mwenyewe, aliyemtambulisha Bwana mtoni, alipokaa gerezani alituma watu kuuliza kama ndiye, au wamtazamie mwingine. Bwana hakumkemea. Na Dietrich Bonhoeffer, yule mchungaji Mjerumani, akiwa gereza la Tegel mjini Berlin, aliwaandikia wafungwa wenzake sala kwa ajili ya Krismasi ya mwaka 1943: moja ya asubuhi, moja ya jioni, na moja ya saa ya dhiki. Aliyejua ndiye anayegawa siku namna hiyo, maana asubuhi ya mfungwa na jioni yake si kitu kimoja.

Kuhusu kama Mungu anajibu, someni Matendo 12 mpaka mwisho wala msiruke. Kanisa linamwombea Petro kwa juhudi, malaika anamtoa gerezani, Petro anabisha hodi, na mtumishi Roda kwa furaha anasahau kufungua, anakimbia ndani kuwaambia. Na hao waombaji wanamwambiaje? Ana wazimu. Nacheka kila mara, kwa sababu ndio sisi. Lakini mwanzoni mwa sura hiyo hiyo Yakobo ameuawa kwa upanga, na kanisa ni lile lile. Nimeombea rufaa zikashinda na nimeombea rufaa zikatupwa. Sina maelezo ya kukupa hapo, dada. Naendelea kuandika majina kwenye kidaftari changu cha vipimo vya wateja, upande wa nyuma.

La mwisho: kinachotajwa Jumatano kisitoke Alhamisi.

Mama, mimi ni mwanakwaya, tunatembelea gereza la wanaume. Kijana mmoja mpole sana, ndiye anayewaongoza wenzake kuimba, ameniomba nimfikishie mama yake barua bila kupitia ofisini. Ni barua tu, haina kitu. Nikikataa nitakuwa nimemtupa?
*Kaka wa sauti ya tatu*

Hapana, kaka yangu. Usiibebe.

Nikusimulie la sindano. Tuliporuhusiwa kufundisha kushona, makubaliano yalikuwa sindano 12 zinaingia, sindano 12 zinatoka, zinahesabiwa mbele ya askari. Siku moja zikatoka 11. Wanawake wote wakasimamishwa ua mzima, benchi zikapinduliwa, mifuko ikamwagwa, saa mbili nzima juani. Bibi wa miwani alikuwa miongoni mwao na miguu yake ya kuvimba. Sindano ilipatikana wapi? Kwenye ukosi wangu. Mazoea ya ufundi, unachomeka sindano ukosini bila kujijua. Tulizuiwa miezi miwili, na ilikuwa haki.

Sindano yangu ilikuwa bahati mbaya na bado waliteseka wao. Hiyo barua ni ya kukusudia. Hujui imeandikwa nini. Kijana mpole anaweza kuwa anamwomba mama yake msamaha, na anaweza kuwa anamtishia shahidi. Ikikamatwa, kwaya nzima haitaingia tena, na atakayekosa Jumamosi ni yule asiye na mgeni mwingine ila ninyi.

Mwambie wazi, uso kwa uso, usimkwepe: hii siwezi, lakini nitakwenda kwa kasisi wa gereza au afisa ustawi niwaambie unataka kuwasiliana na mama. Kisha uende kweli, siku ile ile. Mara nyingi mfungwa anadhani njia halali imefungwa kwa sababu hakuna aliyemsaidia kuiuliza. Paulo naye alikuwa na haja zake gerezani, aliomba joho lake aliloliacha Troa na vitabu, ila aliomba waziwazi mpaka sisi sote leo tunazisoma.

Ndugu yangu wa kuzaliwa aliuawa na majambazi miaka minne iliyopita. Mmoja wa waliohukumiwa yuko katika gereza ambalo kanisa letu linalitembelea. Mchungaji ametangaza kila familia ishiriki, akasoma "nalikuwa kifungoni, mkanijia." Nilisimama nikatoka nje. Mimi ni mzee wa kanisa. Je, mimi si Mkristo tena?
*Mzee wa kanisa*

Pole sana, ndugu yangu. Pole ya miaka minne, maana najua watu waliacha kukupa pole baada ya arobaini.

Kutoka nje si dhambi. Lile andiko halikusema kila mtu amwendee kila mfungwa. Mchungaji wako nafikiri hakukumbuka nani amekaa benchi la mbele, na nakushauri umwambie, wewe mwenyewe au kwa kumtuma mtu unayemwamini. Gereza lile usiende. Hata ungetaka, mratibu wa huduma lazima ajue uhusiano wako na kesi kabla hujakaribia lango, kwa ajili yako na kwa ajili ya huyo kijana. Kukutana na aliyekuumiza ni jambo la maandalizi marefu na watu waliofunzwa, na ni la hiari pande zote mbili. Haliwi la Jumapili moja baada ya tangazo.

Ipo njia nyingine ambayo baadhi ya watu wenye jeraha kama lako wameipitia. Shirika la Prison Fellowship International, lililotokana na kazi aliyoianza Charles Colson mwaka 1976 baada ya yeye mwenyewe kufungwa kwa Watergate, ile kashfa ya kisiasa ya Marekani, lina programu iliyopewa jina la mkuyu, mti aliopanda Zakayo. Wanawakutanisha watu waliotendewa uhalifu na wafungwa waliotenda uhalifu wa namna hiyo, lakini si wale waliowatendea wao. Wanakaa pamoja wiki kadhaa. Mwenye kufiwa anapata kusema mbele ya mtu anayelazimika kusikiliza, na mfungwa anamsikia mwenye kufiwa, sauti ambayo pengine mahakamani haikumfikia. Zakayo, utakumbuka, hakuishia kusema samahani. Alitaja kiasi atakacholipa. Wewe si wa kuharakishwa huko. Nimekutajia ili ujue ipo, basi.

Kwenye kundi letu kuna mama mmoja ambaye mumewe aliuawa. Kwa miaka tisa anakuja nasi kila mara, na hajaingia hata siku moja. Anakaa kwenye benchi nje ya lango, simu zetu 11 ziko mapajani mwake ndani ya mfuko wa kitambaa niliomshonea, na anasali hapo mpaka tutoke. Hatumwulizi kitu. Zamani kuna dada mgeni alimhimiza aingie, nikamvuta pembeni dada huyo nikamwambia amwache.

Mwaka jana, tulipotoka, aliniuliza bila kunitazama kama wanaimba vizuri. Nikamwambia wanaimba, ila sauti ya pili inapotea. Akafungua mfuko, akanipa simu yangu.